Pumzi Karibu na Mikro

Nafunga, munifungulie: nyumba ikijaa watu, yeye analala chini ya kitanda. Watu wakitoka, yeye anapanda juu ya kitanda. Ni nani?

Siku ile nilifunga hii fumbo, wajukuu wangu wote walishindwa. Mumoja alisema paka, mwingine panya, mwingine akasema ni mudeni wa baba. Ni kijana mugeni tu, mwenye alikuja kwetu Kadutu mara ya kwanza na viatu imejaa matope ya muteremko, mwenye aliweka kikombe yake ya chai chini polepole, akasema:

"Koko, ni kimya."

Koko ni miye, nyanya yao. Nikamwangalia. Nikaangalia Colombe, mujukuu wangu, mwenye alikuwa pale pembeni anajifanya kuchambua muchele. Hakuinua macho, lakini mikono yake ilisimama ndani ya lungo. Basi nikajua. Mwanaume akifungua fumbo yako siku ya kwanza, mutoto wako ameshakwenda, munabakia tu kumutafutia sanduku.

Yule kijana aliitwa Guylain. Na leo nawaambia namna mapendo yao ilikatika, si kwa giza wala kwa siri, lakini mchana, siku ya Mungu, ndani ya salle, ukumbi ya parokia, mbele ya watu karibu mia mbili wenye walikuja kuangalia filme.

Miye nilisoma mpaka ya tano primaire, kule Nyangezi. Sikujua kama filme inatiwaka sauti. Nilizani mutu akitembea ndani ya filme, ni miguu yake mwenyewe tunasikia. Siku Colombe aliingia mu formation ya kujifunza kutia sauti na muziki ndani ya filme, alirudia nyumbani akaniomba kandambili yangu.

"Ya kufanya nini? Iko na tundu."

"Ndiyo ile tundu nataka, koko. Kuko muzee mwanamuke ndani ya filme, anapanda mulima. Miguu yake haisikilike. Nitatembea kwa nafasi yake."

"Utaingia ndani ya filme?"

"Sauti yangu tu. Watanisikia, hawataniona."

Kumbe kazi ni ile. Colombe alikuwa na sanduku ya mbao yenye changarawe, na ingine yenye mchanga wa ziwa, anatembea pale ndani huku anaangalia mutu wa kwenye ekra, ile kioo ya filme, mikro ya kukamata sauti iko karibu na vidole vya miguu. Mvua alikuwa anaifanya na maharagi kavu, anaiteremusha polepole juu ya lungo. Moto wa kuni alikuwa anaufanya kwa kukunjakunja sachet ya plastiki. Siku moja alivunja karoti zangu zote za soko, ati anatafuta sauti ya mufupa wenye kuvunjika. Siku hiyo tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila karoti, na yeye anacheka.

Guylain, yeye alikuwa anajifunza muziki. Anangojea wengine wamalize kutia sauti, kisha anatia gitaa yake pale penye maneno imeshindwa. Ni Mulega, mutu wa Shabunda, alikuwa anaishi kwa dada yake, kule Nguba. Aliniambia mwenyewe namna yote ilianza:

"Koko, nilimupenda miguu kabla ya uso. Walinipa kaske, ile ya kufunika masikio, wakasema sikiliza, utafute muziki. Nikasikia mutu anatembea. Anatembea kama mutu mwenye kubeba kitu hataki kimwangike. Nikauliza: huyu ni nani? Wakasema: ni Colombe. Nikasema: basi mimi muziki sitatia hapa. Nitaharibu."

"Na kisha?"

"Kisha nikaenda kumuona kama iko muzuri pia kwa uso."

"Ukaona?"

"Koko, nilisahau gitaa juu ya moto, pikipiki ya mutu."

Muwaone wale vijana. Asubui walikuwa wanatembea pamoja na mikro yenye manyoya kama mukia ya mbwa, wanakamata sauti ya soko, sauti ya mama anapiga sombe, sauti ya ziwa. Na kila mahali wakimaliza kazi, kabla ya kutoka, walikuwa na desturi moja. Wanasimama wima wote wawili, hakuna mutu anasogeza hata kidole, wanakamata kimya ya pale dakika moja nzima. Nilimuuliza Colombe ni ya nini.

"Kila mahali iko na kimya yake, koko. Kimya ya jikoni haiko kimya ya kanisa. Ukikata neno ndani ya filme, unabakiza tundu. Ile kimya ndiyo unashonea."

Basi, kwetu nyumbani tulikuwa wanawake watatu: miye, Colombe, na mama yake, Maman Georgette, muke wa mutoto wangu wa kwanza. Mutoto wangu alikufa zamani, Colombe angali mutoto mudogo. Kwa nafasi yake kulisimama mudogo wake, Tonton Adalbert. Ni mutu wa roho nzuri, lakini roho yake inapitiaka kwanza kwa mudomo.

"Mulega mupiga gitaa," alisema. "Na wewe mupiga maharagi. Mutakula nini, sauti?"

"Tonton, ni kazi."

"Na kwao Shabunda! Barabara yenyewe ya kwenda kuona bakwe inakulaka siku ngapi? Nikifa utafika watu wakishaondoa matanga."

"Adalbert," nikasema, "baba yako alinitoa Nyangezi kwa miguu. Wewe ulitoka wapi, kama si kwa ile njia?"

Alikohoa. Kisha alikubali. Waliwekeana siku: Jumapili filme ya wale wanafunzi itaonyeshwa mu salle ya parokia, sisi wote tutaenda. Na Jumamosi yenye kufuata, jamaa ya Guylain watakuja kubisha mulango, kwa heshima, kama inavyofaa. Tulishaomba viti kwa majirani.

Sasa munisikilize vizuri, juu hapa ndipo pana muzizi.

Colombe alikuwa na ndugu mumoja, Bruno, mudogo wake. Miezi kumi na ine kabla ya ile filme, moto, ile pikipiki, ilimuangusha pale kwenye muteremko, na hakuamuka tena. Siku ya matanga, Maman Georgette alilia kilio cha mama. Katika jamaa yetu, mama akililia mutoto, anamuita majina yake yote: ile ya ubatizo, ile ya babu, na ya mwisho kabisa, ile jina ndogo yenye alikuwa anamwitia akimubeba mugongoni, yenye hakuna mutu mwingine aliitumiaka. Na siku ya kuondoa matanga, ile jina ndogo inafungwa. Haitajwe tena na kinywa cha mutu. Hata hapa sitaitaja.

Siku ile ya kilio niliona kitu. Colombe alikuwa amekaa chini karibu kabisa na mama yake, kitenge imefunika magoti, na pale chini ya kitenge kataa, taa kadogo kekundu ka mashini yake, kalikuwa kanawaka. Alikuwa anakamata sauti. Sikusema kitu. Nilizani mutoto anatafuta mahali pa kushikilia. Kila mutu na fimbo yake.

Ile filme yao ilikuwa juu ya mama mumoja wa Katana mwenye mutoto wake anamezwa na ziwa. Mucheza mwenyewe, mwanamuke mwenye alishika nafasi ya ule mama, alikuwa muzuri kwa kila kitu, ila kulia. Alikuwa analia kama mutu mwenye pilipili kwa koo. Walirudilia mara kumi. Mwisho, Colombe alijifungia peke yake, akatoa sauti ya mama yake, akakata majina yote moja moja, akashonea na kimya. Akaiweka ndani ya mudomo ya yule mucheza. Guylain alipomuuliza, alimwambia: "Ni kilio nilipata kwa matanga fulani." Hakumwambia ni ya nani.

Lakini jina moja ilimuponyoka. Ile ndogo.

*

Jumapili salle ilijaa. Walifunika madirisha na vitenge vyeusi ili ekra ionekane. Maman Georgette alivaa libaya yake ya bluu, alikaa katikati yangu na Tonton Adalbert. Alikuwa na furaha. Kila miguu ikitembea ndani ya filme, ananigusa kiwiko: "Maman, ni mutoto wetu ule anatembea." Na miye nikasikia kandambili yangu yenye tundu inapanda mulima wa Katana, nikacheka mpaka mutu wa nyuma akasema chut, nyamaza.

Kisha mama wa ndani ya filme akafika kwa maji. Akaanguka kwa magoti. Akafungua mudomo.

Na sauti ya Maman Georgette ikatoka.

Nilisikia mukono wake unakuwa kama jiwe ndani ya mukono yangu. Ile sauti ilipanda, ikashuka, ikavunjika pale penye ilivunjikaka, na watu wote mule salle wakaanza kuvuta makamasi. Kisha, kidogo tu, kama mutu anaita kwa mulango wa nyuma, ile jina ndogo ikapita.

Maman Georgette akasimama.

"Ni miye," alisema. Hakupiga kelele. "Ile sauti ni miye. Ule ni mutoto wangu ananiita... ninamuita. Muzime. Muzime, nawaomba."

Wakazima. Wakatoa vitenge kwa madirisha, mwangaza ukatumwangikia wote kama maji. Tonton Adalbert alishakuwa mbele, kwa meza ya wanafunzi. Monsieur Gracien, mwalimu wao, alikuwa anafungua mikono tu.

"Nani aliweka ile sauti?" Tonton aliuliza. "Nauliza polepole. Nani aliiba kilio cha muke wa kaka yangu, akaipatia mutu wa kujipaka poda?"

Pale ndipo Guylain alielewa. Nilimuona anaelewa. Uso wake ulikwenda mara moja kwa Colombe, na macho yao ikakutana juu ya ile meza, juu ya nyuzi na mashini. Sijue kupima wakati. Labda ilikuwa wakati ya kumeza mate. Nilimuona Colombe anaangalia mama yake. Niliona mudomo yake inafunguka.

Na haikutoka kitu. Ikajifunga.

"Ni miye, tonton," Guylain akasema. "Niliikuta kwa mashini ya Colombe. Sikumuuliza. Nilikamata tu."

"Wewe?"

"Miye, tonton. Munisamehe."

"Usiniite tonton. Tonton wako iko Shabunda." Akanyoosha kidole kwa mulango. "Jumamosi musikuye. Mwambie jamaa yako babakie kwabo. Nyumba yenye unaiba machozi yake, unabisha tena mulango yake ya nini?"

Guylain aliinamisha kichwa kwa Maman Georgette, chini sana. Kisha alipita katikati ya viti, gitaa kwa mugongo, na watu wanamuachilia njia kama mutu mwenye ugonjwa.

Colombe alibakia amesimama. Kisha akaanza kukunja nyuzi za mashini, moja moja.

*

Siku tatu nyumba yetu ilikaa kimya, na haikukuwa kimya ya kushonea. Maman Georgette alikuwa anaenda soko, anarudia, anakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwa, anatupatia sahani. Colombe hakukula. Guylain hakuandika, hakupiga simu. Siku ya ine, kuelekea mangaribi, simu ya Colombe ililia mara moja. Alisoma, akakuja kukaa chini kwa miguu yangu.

"Koko, kesho asubui anapanda boti ya Goma."

"Ya kwenda kufanya nini?"

"Kuko batu ba filme balimuitaka tangu kitambo. Alikataaka. Juu yangu." Akaweka paji la uso kwa goti langu. "Koko, nilitaka kusema. Nakuapia. Niliona maman namna alisimama, nikaona nikisema atakufa pale pale."

"Nafunga," nikamwambia.

"Koko, si leo."

"Nafunga. Muzigo moja, watu wawili. Mwenye aliufunga anatembea mikono mitupu. Mwenye hakuufunga anavunjika shingo. Ni nani na nani?"

Alilia basi. Alilia kama hajaliaka hata kwa Bruno. Nikamungojea. Kisha nikamwambia: "Miye niliona kale kataa chini ya kitenge yako, ile siku. Nilinyamaza. Kwa hiyo tuko wawili wenye kosa. Simama. Mama yako iko jikoni."

Nilibakia kwa mulango. Jikoni, Maman Georgette alikuwa anapepea makala, mugongo kwetu.

"Maman," Colombe alisema. "Guylain hakukamata ile sauti. Hakujua hata ni ya nani. Ni miye niliikamata kwa matanga. Ni miye niliiweka."

Pepeo haikusimama.

"Najua," Maman Georgette akasema.

"Unajua?"

"Tangu kule salle. Ile kilio ni yangu, ndiyo. Lakini chini ya kilio kulikuwa pumzi. Karibu karibu, kupita hata sauti yangu. Pumzi ya mutu anajizuiza kulia, anavuta kwa pua, inakatika mara mbili, kisha inashuka. Ile pumzi nilianza kuisikia uko mutoto wa siku tatu, na homa. Nitaikosea?"

"Na uliachilia tonton amufukuze?"

Hapo pepeo ikasimama.

"Nilikuwa nangojea useme. Nikasema: mutoto wangu atasema sasa. Nikasema: atasema kwa njia tukirudia. Nikasema: atasema kesho." Akageuka. Uso ulikuwa umelowa, sijue tangu lini. "Sababu ya nini uliiweka, Colombe?"

"Nilitafuta sauti ya mama mwenye kupoteza mutoto. Zote zilikuwa za uongo. Hiyo moja tu ilikuwa ya kweli. Na nilijisemea, ikibakia ndani ya filme, batu bataisikia hata sisi tukikufa. Bruno hatafutika. Majina nilikata, maman. Nilikata yote. Moja ilinipita."

"Ile."

"Ile."

Maman Georgette alimvuta, akamufunga kwa kifua chake. Wakatikisika pamoja wote wawili kama muti mumoja. Kisha alisema juu ya kichwa ya mutoto wake:

"Na miye nimekosa. Niliachilia mutoto wa wengine anaungua, ili nione kama wangu atatoka kuzima. Kesho asubui mapema utaenda kule port, kwa boti. Umwambie Georgette anamuita mezani. Adalbert nitamalizana naye miye mwenyewe leo."

*

Municheke mukitaka. Niko na miaka sabini na sita, na ile asubui nilipanda moto, Colombe nyuma yangu, motard, dereva wake, mbele, wote watatu juu ya kiti moja, kutoka Kadutu mpaka chini kwa ziwa. Nusu ya roho yangu ilibakia kwa muteremko. Lakini nilisema mutoto asiende peke yake. Pengine nitahitajika kupiga magoti, na magoti yangu iko na heshima kupita yake.

Boti ilikuwa ingali inapakia. Guylain alikuwa pale kwa ukuta, na sac moja ya nguo, na gitaa amefunga ndani ya mufuko ya muchele isilowe na mvua. Alipotuona, alisimama. Alinikamata mukono kwanza, kwa mikono miwili.

"Koko, umekuya na moto?"

"Na moto. Kama nimekufa njiani, usiniambie."

Alicheka kidogo. Kisha aliangalia Colombe, na kicheko kikaenda.

"Nilisema," Colombe akasema. "Nilimwambia maman yote. Kumbe alijua. Anakuita mezani, Guylain. Tonton pia ameambiwa. Jumamosi mukuye. Viti bado viko."

"Ulisema lini?"

"Jana mangaribi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mutu anasikiliza kitu mbali.

"Uko na kasirani," Colombe akasema.

"Hapana. Ndiyo ile inaniumiza. Ningekuwa na kasirani, ingeisha."

"Basi rudia."

"Colombe. Monsieur Gracien alitufundisha nini, mwezi wa kwanza, juu ya mudomo na sauti?"

"Usinifundishe hapa, nakuomba."

"Sema tu."

Alifuta pua na kitenge. "Sauti ikichelewa, mutu anaona mudomo imefunguka, sauti inakuya nyuma. Haamini tena."

"Hata kama sauti iko muzuri?"

"Hata kama iko muzuri."

"Niliona mudomo yako inafunguka mule salle," Guylain akasema. "Niliiona. Nilitembea mpaka kwa mulango polepole, ili inikute. Nilikaa kwa ngazi ya inje mpaka batu bote balitoka. Nilingojea Jumatatu. Nilingojea Jumanne. Sasa imefika, na iko muzuri, unanisikia? Iko muzuri sana. Lakini kila mara nitakuangalia, nitaona ile mudomo inafunguka, na hakuna kitu inatoka."

Na hapo mujukuu wangu akawaka. Alimupiga kifua na mikono yote miwili.

"Nani alikuambia ubebe? Nilikuomba? Ulikuwa na haraka ya kubeba kama mutu wa filme! Ulisema 'ni miye' kabla ulimi yangu igeuke! Ulininyanganya hata nafasi ya kusema!"

"Pengine," akasema. "Nilizani ni mapendo."

"Ilikuwa mapendo!"

"Ilikuwa. Nilijisemea: atanipokonya ule muzigo kabla sijafika kwa mulango."

Mikono ya Colombe ilibakia pale kwa kifua cha Guylain, imefunguka. Guylain aliweka yake juu, na walikaa hivyo. Nilitaka kuangalia pembeni, lakini miye ni mwanamuke muzee, hakuna mutu ananiogopa, niliangalia. Alimuangalia nyusi, alimuangalia lile kovu dogo la kidevu lenye Colombe alipata akianguka kwa changarawe za kazi. Kama mutu anahesabu vitu vya nyumba kabla ya kufunga mulango.

"Guylain," nikasema. "Mutoto wangu. Unataka nipige magoti?"

"Koko, ukipiga magoti, nitarudia," akasema, na macho yake ikajaa. "Nitarudia kwa sababu ya magoti yako. Kisha siku moja, nitamulipisha Colombe hii siku. Nitamukumbusha kila tukigombana. Sitaki nikuwe ule mwanaume."

Basi sikupiga. Mupaka leo sijue kama nilifanya vizuri.

Pale kwa boti wakaanza kuita majina ya wasafiri. Guylain alifungua sac, akatoa kale kamashini kao ka kukamata sauti, na mikro yenye manyoya.

"Tumemaliza hapa," akasema. "Tukamate kimya ya mahali."

"Hapana," Colombe akasema. "Hapana, Guylain, si hiyo."

"Kila mahali tunamalizaka kazi. Weye ndiyo ulinifundisha."

Taa ndogo nyekundu ikawaka. Alishika mikro katikati yao, kwa urefu wa kifua. Wakasimama wima. Kazi ni kazi: hakuna mumoja wao alisogeza kidole. Watu walipita na mizigo, wakawaangalia, wakazunguka. Miye nilifunga mudomo na leso. Dakika moja. Kama mutu hajui dakika moja ni ndefu kiasi gani, asimame siku moja mbele ya mutu mwenye anaenda.

Taa ikazima. Akachukua sac, gitaa, akanikamata mukono tena. Kwa Colombe hakusema kwaheri. Alimugusa tu kiatu na ncha ya kiatu yake, polepole, pale kwa miguu yenye alianza kupenda.

*

Jumamosi majirani hawakuombaka viti vyao. Vilibakia pale sebuleni, kumi na viwili, vinaangalia mulango. Saa tisa, saa yenye walipaswa kubisha, Tonton Adalbert alikuja amevaa koti, akakaa. Maman Georgette alipika. Sijue alipikia nani.

Guylain alituma ile dakika kutoka Goma. Haikuwa na barua, ila sauti tu. Colombe alikuwa ameisikiliza tangu asubui. Alikuja, akaniweka kaske kwa masikio, polepole juu ya kilemba.

Nilisikia maji inagonga ukuta. Mama mumoja mbali anauzisha sambaza. Moteri ya boti. Na karibu kabisa, kupita vyote, pumzi mbili. Moja ilikuwa sawasawa, kama mutu mwenye kulala. Ingine ilikuwa inavutwa kwa pua, inakatika mara mbili, kisha inashuka.

"Mutoto wangu," nikamwambia, "ulilia sana."

Colombe alitikisa kichwa.

"Koko, yangu ni ile ya sawasawa, yenye kukatika ni ya Guylain. Nilijizuiza vizuri. Maman alishaniambia namna pumzi yangu inasikilikaka."

Maman Georgette alinyoosha mukono. "Munipe na miye."

Alivaa kaske, akafunga macho, akasikiliza dakika nzima, ile pumzi yenye haikutoka tumboni mwake. Mwisho alivua, akaiweka kwa magoti, akaipangusa na kitenge kama mutu anapangusa uso wa mutoto.

"Colombe," akasema. "Guylain aliposema 'ni miye' kule salle, nani alimuletea hata maji?"

Tonton Adalbert aliangalia vile viti kumi na viwili, kisha akasimama, akaanza kuvirudisha kwa majirani, kimoja kimoja.